Nafasi Iliyouokoa Mguu Wangu

Mimi naitwa Anyesi, ingawa barabarani wengi wananijua kama Mama Rehema wa chapati. Maneno haya nayaandika kwa ajili ya madereva, na kwa akina mama wenzangu mnaouza vyakula kwenye foleni ya malori, na kwa yeyote aliyelala kitandani leo akiwa ameambiwa kwamba mguu wake huenda ukakatwa. Mimi niliambiwa hivyo. Leo nimefika hapa nilipokaa kwa miguu yangu miwili, nikiwa nachechemea, na nataka mjue ilikuwaje.

Nilizaliwa Ikinga, kule Ileje, milimani. Watoto wa kule tunapanda na kushuka vilima tangu tukiwa wadogo, tukiwa na ndoo kichwani, kwa hiyo sikuwahi kuifikiria miguu yangu. Nani anaifikiria? Ilikuwepo tu. Nikaolewa Mbozi, kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Mume wangu, Baba Rehema, ni mtu wa shamba hasa. Ukimtoa kwenye mibuni yake hana la kusema. Kahawa inalipa kwa msimu na watoto wanakula kila siku, basi mimi nikaamua kutafuta riziki barabarani.

Mlio mbali huenda hamuijui foleni yetu. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yakikaribia mpaka wa Tunduma husimama kusubiri zamu. Kuna siku foleni inarudi nyuma ikapita eneo la Mpemba na kuendelea kuelekea Vwawa. Dereva anaweza kulala humo, akaamka, akafua shati, likakauka, akalala tena, na lori limesogea kipande tu. Watu hao wanahitaji kula. Mimi na jirani yangu, Mama Hapi, tulikuwa tunatoka asubuhi, yeye na chupa zake za chai, mimi na beseni la chapati na viazi vitamu, tunaifuata foleni popote mkia wake ulipo.

Foleni ina sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Ya kwanza ni kubana. Ukiacha nafasi mbele ya lori lako, dereva mwingine anatoka pembeni anachomekea, na wote walio nyuma yako wanakutukana. Kwa hiyo kila dereva anasogea mpaka bampa lake linakaribia kugusa tela la mwenzake. Mtu mnene hapiti hapo. Mimi nilikuwa napita, kwa ubavu, beseni kichwani, ili nisizunguke tela zima kumfikia mteja wa upande wa pili. Sisi wauzaji nasi tulikuwa na sheria yetu: usipite kati ya malori ambayo injini inanguruma, lakini yakiwa yamezimwa yote mawili, pita. Tuliiamini, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeumia.

Kulikuwa na dereva mmoja tu aliyekataa kubana. Alikuwa mtu wa Morogoro, mwenye tumbo na sauti nzito, tukampa jina la Bwana Jiko. Foleni ikisimama, anashusha jiko lake la mkaa na sufuria, anapika mbele ya lori lake mwenyewe, na nafasi anayoiacha pale ingetosha gari dogo kuingia na kugeuza. Hakuwahi kununua hata chapati yangu moja. Wa nyuma yake walipiga honi mpaka wakachoka.

"Mzee, sogea mbele, watatuchomekea!"

"Anayetaka kuchomekea achomekee," alijibu huku akikoroga. "Mimi napika."

Mama Hapi alikuwa akimtania kwamba ameoa sufuria. Wengine walimwona mzembe. Wengine walisema anarudisha nyuma maendeleo ya foleni nzima.

Siku yangu ilikuwa asubuhi ya ukungu na manyunyu, aina ile inayotujia mara nyingi huku juu. Mkia wa foleni ulikuwa mahali ambapo barabara inashuka kidogo. Lori la mwisho kabisa lilikuwa la Mzambia mmoja, mteja wangu wa siku zote, ambaye kwao wanamwita Bashichanda, yaani baba yake Chanda. Alikuwa ameshuka na amesimama upande wa pili wa barabara, ananipungia mkono.

"Bamayo, leta mbili, na kiazi," alisema. Huwa ananiita hivyo, mama, kwa heshima ya kwao.

Lori lake lilikuwa limezimwa. La mbele yake limezimwa. Pembeni palikuwa na tope. Nikageuza ubavu, nikaingia kati.

Nilisikia honi ndefu kutoka nyuma, halafu breki, halafu kishindo. Lililogonga sikuliona. Nilichoona ni bampa la lori la Bashichanda, lori lisilo na dereva ndani, likinijia polepole kama mlango unaosukumwa. Lilisogea hatua moja. Nyuma yangu palikuwa na chuma cha tela la mbele. Hatua moja ilitosha.

Nitasema yaliyonipata bila kuficha, maana nilipokuwa hospitali niliona wenzangu wengi wanaona aibu kuyasema. Nilisikia mfupa wa paja la kulia ukikatika, sauti kavu, ya ndani. Maumivu hayakuja mara moja. Kwanza ulikuja moto kiunoni, na nikajikojolea. Beseni lilianguka, chapati zikaingia topeni, nami nikazihurumia chapati. Nilipotazama chini niliona unyayo wangu umeelekea upande ambao unyayo hauelekei. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Bashichanda alipanda lorini mwake arudi nyuma. Lori halikurudi. Nyuma yake lilikuwa limegandana na lori lililokuwa limefika mkiani likagongwa, na hilo limegandana na lililoligonga. Akaruka chini, akakimbia kwa dereva wa mbele.

"Sogea mbele! Kuna mama hapa!"

Yule dereva aliwasha gari, akatoa kichwa dirishani. Sauti yake naisikia mpaka leo.

"Niende wapi? Nimebanwa."

Ni kweli alikuwa amebanwa. Mbele yake kulikuwa na tela, kama kiganja kimoja kutoka kwenye bampa lake. Na wa mbele yake naye hivyo hivyo. Na wa mbele yake. Kunitoa mimi kulihitaji hatua moja tu, na katika mstari ule wote hapakuwa na mtu mwenye hatua moja ya kunipa.

Wanaume wakaanza kukimbia kuelekea mbele, wakigonga milango ya malori, wakiwaamsha madereva waliolala. Nilisikia makofi yao kwenye mabati yakienda mbali nami. Mama Hapi alibaki. Alipenyeza mkono akanishika shavu.

"Usifumbe macho, Mama Rehema. Niangalie mimi."

"Mguu wangu upo?"

"Upo."

"Mbona siusikii?"

Akaanza kunisema, kwamba chapati zangu siku hizi ni ngumu, kwamba nabania mafuta, kwamba wateja wote wanalalamika ila wananionea haya. Mwanamke yule alikuwa anatokwa na machozi huku ananitukana. Nami nilimjibu, nikamwambia chai yake ni maji ya kunawia. Nashukuru mpaka leo kwamba hakuniombea wakati ule, maana ningejua nakufa.

Mguu ulikuwa umeanza na moto, ukaja ubaridi, kisha haukuwa na chochote. Niliuona lakini sikuwa nao.

Muda gani ulipita sijui. Nakumbuka kwamba mbali sana mbele iliwaka injini. Halafu nyingine. Sauti ilikuja ikinifuata, lori kwa lori, kila moja likisogea kidogo na kuliachia la nyuma yake, mpaka likawaka lile lililokuwa mgongoni mwangu. Chuma kikaniachia. Nikaanguka mikononi mwa Mama Hapi, na damu ikatoka kwa wingi. Alivua khanga yake akaikandamiza pajani kwa uzito wake wote. Wakanilaza nyuma ya pikapu wakanipeleka kituo cha afya, na kutoka hapo nikapelekwa kwa gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa, Mbeya.

Daktari wangu alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Baada ya kunifanyia upasuaji wa kwanza alikuja akasimama mahali ninapoweza kumwona.

"Mama, paja limevunjika na nyonga ina ufa," alisema. "Hivyo vitaunga. Ninachokihofia ni huku chini ya goti. Damu haikufika kwa muda mrefu."

Alikuwa amenipasua shavu la mguu pande mbili, vidonda virefu, na ameviacha wazi vimefunikwa kwa bandeji. Nilimuuliza kwa nini ananipasua mahali pasipovunjika.

"Nyama ikiumia inavimba. Ikikosa pa kwenda inabana mishipa, damu haipiti, mguu unakufa. Ilibidi niipe nafasi."

Nililala nikilifikiria neno hilo. Nilikuwa nimetoka kubanwa nje, sasa nabanwa ndani.

Daktari akaendelea, "Tutautazama. Ukipata joto, tumeshinda. Ukibaki baridi hivi, itabidi tuukate juu ya goti kabla haujakuua."

Baba Rehema alikuwa amesimama kando ya kitanda, kofia mkononi, udongo wa shamba bado kwenye viatu.

"Kateni," alisema. "Mimi nataka arudi nyumbani."

Sikumbuki kama nimewahi kumkasirikia mtu kiasi kile. Aliyenigonga nilikuwa bado sijamkasirikia, lakini mume wangu nilitamani kumtupia bakuli.

"Nenda ukakate mibuni yako," nikamwambia. "Mguu huu ni wangu."

Alitoka nje. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba alimkuta kwenye ukuta wa nyuma, ameegemeza paji la uso pale, analia. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akilia, na siku hiyo pia sikumwona. Daktari alisema, "Mumeo hajakosea, na wewe hujakosea. Tusubiri kidogo."

Mama yangu akaja kutoka Ikinga. Hajui hospitali, hajui Mbeya, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Alivuta kiti mpaka miguuni pangu, akaushika unyayo wangu kwa viganja vyote viwili, akakaa. Watu wa Ileje hatuna haraka. Kila baada ya kitambo ananiuliza kwa Kindali, lugha yetu, kama nausikia mkono wake. Namwambia hapana. Anaendelea kushika. Unyayo ulikuwa wa rangi ya majivu. Vidole viwili vya pembeni vikawa vyeusi na vikaanza kunuka, nami niliijua harufu ile kwa sababu niliwahi kuchinja na nyama ikaniharibikia. Daktari akasema hivyo viwili havina matumaini. Nikasema chukueni hivyo viwili, mniachie mguu. Nilikuwa nafanya naye biashara kama niko sokoni.

Asubuhi moja, wakati chai inagawiwa, mama aliniuliza tena. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hapana.

"Unanifinya," nikasema.

Akanitazama. Akafinya tena, kwa kucha.

"Mama, unaniumiza."

Mama yangu aliinamisha uso kwenye shuka, juu ya mguu ule, na mabega yakatikisika. Daktari alipokuja aliweka vidole viwili juu ya unyayo, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Upo," alisema. "Damu inapita."

Nililia kwa sauti, wodi nzima ikanisikia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kulia pamoja nami bila kujua sababu. Mume wangu alipokuja jioni nilimwambia aushike. Akaushika. Akasema, "Una joto," na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kupatana.

Msidhani nilisimama siku ile nikatembea. Walikata vile vidole viwili. Waliniwekea chuma ndani ya paja. Walichukua ngozi kwenye paja la kushoto, lile lisiloumia, wakaiweka kwenye vidonda vya shavu la mguu, na pale walipoitoa paliwaka kuliko pale palipovunjika. Nyonga iliunga polepole, kwa hiyo nililala chali, nikijisaidia kwenye chombo huku nimefunikwa shuka, nikilishwa na kuoshwa na mama yangu mzee. Kwa hilo nililia zaidi kuliko nilivyolia kwa maumivu. Wewe uliyeko huko sasa, jua kwamba nilikuwa huko nami, na nilitoka.

Siku moja aliletwa kijana kwenye kiti cha magurudumu, mkono umefungwa, mbavu zimefungwa. Alisema anaitwa Edo. Alikuwa kwenye wodi ya wanaume. Ndiye aliyekuwa akiendesha lile lori lililogonga.

Nilimwangalia nikitafuta pa kuanzia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtengeneza kichwani.

"Ulilala?" nikamuuliza.

"Hapana mama."

"Hukumwona wa mbele?"

"Nilimwona. Hata taa zake za breki niliziona." Akatazama mapaja yake. "Tulikuwa tunagombea kuufikia mkia wa foleni kwanza. Tangu Mbeya yeye alikuwa mbele yangu, na nyuma yangu kuna mwingine anatafuta kunipita. Nikamfuata yule wa mbele karibu kabisa ili asipatikane wa kuingia katikati yetu. Kwenye ukungu ule yeye akaukuta mkia wa foleni ghafla, akasimama. Mimi nilikanyaga breki, mama. Nilikanyaga kwa nguvu zote. Palikuwa hapana pa kusimamia."

"Ili upate nini?"

"Nafasi moja kwenye foleni," alisema. "Moja tu."

Wengine wataandika kwamba walisamehe papo hapo. Mimi nilimwambia aondoke. Nilikuwa nimelala na chuma mwilini kwa sababu ya zamu moja kwenye foleni ambayo humo ndani mtu anafua shati likakauka. Ilinichukua muda mrefu, na maombi mengi ambayo mwanzoni yalikuwa ya kumlaani. Siku nilipomsamehe sikuwa kanisani, nilikuwa namenya viazi, nikagundua tu kwamba nimemfikiria na moyo haukuwaka. Nikampigia simu nikamwambia. Siku hizi ananijulia hali, na aliniambia kwamba anapoendesha anamwacha wa mbele aende zake.

Aliyenieleza jinsi nilivyotolewa alikuwa Bashichanda. Alisimamisha safari yake akaja hospitali na kitenge kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na akakaa ukingoni mwa kiti.

"Bamayo, nilikimbia mpaka pumzi ikaisha," alisema. "Kila lori nagonga, kila dereva anasema nimebanwa, nimebanwa. Nikasema basi, huyu mama amekufa. Mbele nikaona moshi."

"Moshi gani?"

"Jiko. Yule mzee mnene anapika dagaa."

Alieleza kwamba hakuwa na pumzi ya kusema sentensi nzima. Alisema tu "mama, nyuma, sogea." Bwana Jiko hakuuliza ni mama gani wala nyuma wapi. Alilipiga teke jiko na sufuria, dagaa na makaa vikaenda mtaroni, akapanda, akasogeza lori lake mpaka likamaliza ile nafasi yote aliyokuwa anachekewa. Wa nyuma yake akachukua hatua, akamwachia mwenzake. Ndivyo ile nafasi ilivyorudi nyuma, ikipunguapunguka, mpaka ikafika kwangu.

Siku ya kuruhusiwa nilimsimulia daktari habari hii. Aliacha kuandika.

"Ungechelewa kidogo zaidi pale, nisingekuwa na mguu wa kutazama," alisema.

Nilirudi Mbozi nikitembelea magongo. Baba Rehema alikuwa amefyeka njia katikati ya mibuni, pana, bila kisiki, akanitembeza humo kila asubuhi kabla ya kazi zake, yeye mbele akirudi kinyumenyume, mikono ameitanguliza nisianguke. Niliacha gongo moja, kisha la pili. Mguu wa kulia ni mfupi kidogo na mvua ikikaribia unaniambia. Tulipeleka shukrani kanisani, gunia la mahindi na jogoo, na wakaniimbia. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na Mama Hapi kwa matusi yake, na mama yangu kwa viganja vyake, na mume wangu kwa njia ile.

Sasa nisikilizeni, madereva. Trafiki mmoja alitufundisha njia rahisi. Wa mbele yako akipita nguzo au kibao, hesabu taratibu mpaka tatu. Ukikifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno. Ukiwa na mzigo, ongeza mara mbili. Pakiwa na mvua au ukungu, au mteremko, ongeza tena, na usione haya kupitwa. Atakayeingia kwenye nafasi yako, mwache, rudi nyuma uifanye nyingine. Na ukisimama kwenye foleni, simama mahali ambapo unaona matairi ya wa mbele yakigusa lami, na lami kidogo zaidi. Mnadhani nafasi ile ni yenu. Si yenu peke yenu. Kuna mtu yuko nyuma sana ambaye humwoni na hutamjua jina.

Nanyi wauzaji wenzangu, msipite katikati. Lori lililozimwa linasukumwa. Zungukeni, hata kama kuna tope, hata kama mteja anaondoka.

Kuna jambo moja lilikuwa limebaki. Nilipoweza kutembea na fimbo tu, niliamka nikakaanga dagaa kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali, nikachukua parachichi mbili za kwetu, nikafunga sufuria kwa khanga. Mama Hapi alinisindikiza. Tulikuwa tumeulizia kwa madereva, tukaambiwa Bwana Jiko amefika, yuko foleni karibu na Mpemba.

Nilipoyaona malori, miguu ilikataa. Nilisimama kando ya tela la kwanza nikisikia harufu ya dizeli na matairi, na jasho likanitoka kwenye baridi ile. Mama Hapi hakunivuta. Alisubiri. Nikaanza kutembea, pembeni kabisa, juu ya nyasi, nikihesabu hatua za mguu mmoja baada ya mwingine.

Tulimwona kwa mbali. Siku hizi jiko lake analiweka nje ya barabara, kwenye nyasi, lakini mbele ya lori lake nafasi iko palepale, pana kama zamani. Nilimpa sufuria. Hakunitambua mpaka alipoitazama fimbo, kisha mguu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimekuletea dagaa wako."

Alifunua kifuniko, akanusa. Akafuta macho kwa mkono wa shati, mtu mzima yule mwenye sauti nzito. Nyuma yake honi zikaanza. Dereva mmoja, mgeni kwenye foleni yetu, alitoa kichwa nje.

"Mzee, sogea mbele! Huoni nafasi hiyo?"

Bwana Jiko alivuta kigoda, akakaa, akakata tonge la ugali.

"Naiona," alisema, akaanza kula.

Nilisimama kando yake, kwa mguu wangu, mpaka alipomaliza.